Faili Kubwa, Bando Ndogo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mungu amenikumbuka! Madam Tecla, mkuu wa chuo cha ufundi hapa Sotik, anataka kompyuta zake zote ziwekewe toleo jipya la mfumo wa Linux. Atakayelifikisha kwanza Ijumaa ndiye atakayezitunza. Nikikosa, nafunga saiba yangu hii ya intaneti. Tangu Chepkemboi afungue yake ng'ambo ya barabara, wateja wangu ni nzi. Lakini Jackton mimi! Ataniwezea wapi?

Jumanne, 5 Agosti
Faili ni kubwa ajabu na diski imejaa. Nimefuta toleo la zamani kupata nafasi. La nini tena? Nikaanza kupakua, nikaenda zangu kunywa chai.

Jumatano, 6 Agosti
Ilikaribia kuisha, bando ya intaneti ikakata! Nikanunua nyingine. Ikaanza upya! Nimepiga meza, mteja wa kopi akatoroka.
Nikaenda kumpeleleza Chepkemboi, eti naazima stepla. Ameshamaliza! Kwa kibando kidogo! Akanieleza bila kuulizwa: kuna programu inalinganisha toleo la zamani na jipya, halafu inaleta vipande vilivyobadilika pekee. Eti ni kama kuchuma majani ya chai: unatoa yale machanga, hung'oi shamba zima. Akauliza kama la zamani bado ninalo. Nikasema ninalo. Uongo mtupu. Na stepla nikasahau.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemeza aibu, nikarudi na flashi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini akanipa toleo lake la zamani, na ile programu. Sharti: kesho twende kwa Madam pamoja, saa mbili. Nikaapa.
Ikapakua kidogo tu, ikamaliza! Sasa kesho nitafika saa moja. Pole, jirani.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimefika saa moja. Chepkemboi alikuwa ameketi na Madam, wanakunywa mursik, maziwa yale ya kibuyu! Akanikaribisha kwa tabasamu. Kumbe alishaomba tugawane kazi nusu kwa nusu. Nilitamani sakafu inimeze. Madam akatuonya: Desemba linakuja toleo lingine, atakayechelewa anapoteza nusu yake. Akasisitiza tulitunze hili la sasa.

Jumamosi, 9 Agosti
Nina mpango! Nitapakua gemu kubwa ya mpira, vijana wote wahame kwa Chepkemboi waje kwangu. Shida ni diski, imejaa tena. Nimetazama huku na huku, nikafuta ile faili ya Linux. Kompyuta za Madam si tayari zinayo? La nini tena?