Mawimbi Kwenye Beseni

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika. Kiuno kimefika baadaye kidogo.

Shemeji, mdogo wa mke wangu, amenipokea kituoni akiwa na kofia ya majani yenye ukingo mpana kama sinia. Ameninunulia na mimi ya kwangu, ya aina hiyohiyo. Nimemshukuru nikaitia kwapani. Anataka kunitembeza mjini. Kunitembeza mimi! Mji nilikozaliwa! Nimemwambia naujua kama kiganja changu. Akaniuliza kwa upole mara ya mwisho kuutia machoni ilikuwa lini. Nimejifanya sijasikia. Swali la kihuni.

Ni kweli tuliondoka zamani, mimi na mke wangu, wakati ule kila mtu alipokuwa akiondoka na alichoweza kubeba. Sisi tulibeba nguo na sufuria. Tumezeekea milimani, kwenye ukungu, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni bwawa la kunyweshea ng'ombe.

Lakini sikuja kutalii. Nina kazi. Daktari anataka kumpasua mke wangu goti, ambalo siku hizi linamfikisha jikoni na kumrudisha, basi. Amekataa katakata. Nimebembeleza, nimenuna, nimebembeleza tena. Mwisho akatoa sharti: nitangulie mimi, nikaangalie kama ngazi zetu bado zipo. Zile za mawe, nyuma ya forodha, zilizoshuka hadi baharini. Hapo ndipo tulipokuwa tukikaa jioni enzi za uchumba, viatu pembeni, miguu majini. Kama zipo, atakubali kupasuliwa, atatembea, atakuja azione. Kama hazipo, goti alilo nalo linamtosha.

Kazi nyepesi. Kesho kabla ya chai ya saa nne nimeshamaliza.

Jumanne, 4 Juni

Bahari haipo!

Niandike vizuri. Ipo, ila wameisogeza. Nimeteremka barabara ya pwani, ambayo zamani ilikuwa na nyumba upande mmoja na maji upande wa pili. Sasa ina nyumba pande zote mbili. Mahali pa maji pana benki, daktari wa meno na duka la vitanda. Nimemuuliza muuza miwani ya jua bahari iko wapi. Akanionyesha kwa kidevu, akasema nyoosha tu, mzee wangu, huwezi kuikosa.

Nimeikosa. Nimetokea kwenye maegesho ya mabasi.

Nilipoifikia hatimaye, nimekuta njia mpya ya kutembelea, vigae, vyuma vya kuegemea, vijana wanakimbia bila kufukuzwa na mtu. Pazuri, sisemi uongo. Lakini hakuna hata jiwe moja linalonijua. Mama anayefagia hapo ameniambia walimwaga kifusi miaka na miaka mpaka bahari ikakubali kurudi nyuma. Nimetazama chini. Nilikuwa nimesimama mahali nilipojifunza kuogelea, na viatu vyangu vikavu kabisa.

Jioni mke wangu akapiga simu. Nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli kidogo kidogo, kama mtu anayembandua mtoto plasta. Mdomo ukanitangulia. Nikasema ngazi zipo.

Akauliza, kwa sauti ya chini, kama saa kubwa ya forodhani bado inachelewa. Nikasema inachelewa, tena imezidi. Akacheka! Sijamsikia akicheka hivyo tangu goti lianze vituko vyake.

Shemeji alikuwa akimenya chungwa. Ameacha kumenya, akanitazama.

Jumatano, 5 Juni

Nimelazimika kumchukua Shemeji. Nimempa masharti: asinielekeze, asinishike mkono tunapovuka barabara, na kofia asinitajie.

Kumbe hana faida yoyote. Maisha yake yote alikuwa dereva wa kreni bandarini. Mji anaujua kwa kuutazama kutoka juu. Chini hapa anapotea kuliko mimi, ila yeye hana aibu. Kwenye kila kona anasimama, anafumba macho, anasema paa la bati jekundu linatakiwa liwe kushoto. Tumepita bustani moja mara mbili. Mara ya tatu mabibi waliokaa kwenye benchi wakatupigia makofi. Jua likawa kali. Nimevaa kofia. Shemeji hakuitaja, lakini alitabasamu mpaka tunafika nyumbani.

Jioni, balaa. Mke wangu akaniomba niende ngazini na simu, asikie mawimbi.

Nikamwambia anipe dakika kidogo, nipo njiani. Nilikuwa sebuleni. Nikamvuta Shemeji bafuni, nikajaza beseni maji, nikampa ufagio, nikamweleza kwa ishara. Akagoma. Nikakinga viganja kama ninayeomba dua. Akapiga magoti kwa shingo upande, akaanza kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, ufagio ukiburura sakafuni. Wallahi yalikuwa mawimbi! Nilifumba macho nikayaona.

Mke wangu akasikiliza muda mrefu. Kisha Shemeji akapiga chafya.

Akaniuliza ni nani huyo. Nikasema mpita njia. Akasema mpita njia huyo apewe shati kavu, atapata mafua.

Alhamisi, 6 Juni

Amekubali! Amempigia daktari asubuhi. Atapasuliwa wiki ijayo.

Nimeruka kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye kabati la vyombo. Halafu nikakaa chini polepole. Mwanamke wa watu atachanwa goti kwa sababu ya ngazi ambazo sijaziona na beseni la plastiki la mdogo wake. Akija akute duka la vitanda, nitamtazama kwa uso gani?

Shemeji amesema nimwambie ukweli. Rahisi kwake, yeye si mumewe. Nikasema nitamwambia, ila kwanza tutafute tena. Akasema kutafuta kwa miguu kumetushinda, sasa tutafute kwa njia yake. Tupande juu.

Kuna ghorofa refu karibu na mahali tunapodhani palikuwa na forodha ya zamani. Mlinzi akatuuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia, kwa sauti ya kikazi, kwamba tunakagua matangi ya maji. Sijui kilichomwaminisha ni nini. Nadhani ni kofia. Wazee wawili wenye kofia zinazofanana lazima wawe wametumwa na ofisi fulani. Akatuitia lifti na kutulalamikia kuhusu bomba la chooni kwake. Nimeahidi kulishughulikia.

Juu kule Shemeji alibadilika. Mgongo ulinyooka. Alitembeza macho taratibu kama anayeshusha mzigo, kisha akaniambia niache kutazama maji, nitazame nyumba. Nikatazama. Katikati ya mji kuna safu ya nyumba kongwe iliyopinda kama upinde, na baraza zake zote zimeelekea upande mmoja, zimekaa kungojea kitu ambacho hakipo tena. Hapo ndipo maji yalipoishia zamani.

Na ndani ya ule mpindo, kati ya kuta mbili, palikuwa na kipande kidogo cha kijani.

Nilitaka kumkumbatia. Nimempiga tu begani, nikasema kidogo ningepaona mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Zipo!

Ni kibustani tu, cha watu wa mtaa ule. Wamama wameanika mashuka, paka mmoja mnene amelala kama mwenye hati ya kiwanja. Na ngazi zinashuka katikati yake, mawe yaleyale, yamelika katikati kama zamani. Zinashuka vizuri kabisa hadi kwenye majani.

Nimekaa. Miguu ilikumbuka kabla yangu. Nikajikuta nimevua viatu, nimeviweka pembeni, upande wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa wake. Nikashusha nyayo kwenye majani. Nilitaka kutulia nilie kidogo kiungwana. Mtunza bustani, ambaye alikuwa amegeuka akibishana na mama mmoja kuhusu kamba ya kuanikia, akanimwagia maji ya mpira miguuni. Akaomba radhi sana. Nikamwambia aendelee, tafadhali, hapohapo.

Nikampigia mke wangu. Nikamwambia nipo ngazini na maji ni baridi. Kweli tupu!

Akaniambia sasa inatosha, nimweleze sawasawa. Saa ya forodhani, akasema, ilishushwa kabla hatujaoana. Mimi mwenyewe nilichelewa kwenye harusi yetu nikasingizia kwamba saa imeondolewa. Na ndugu yake anapiga chafya namna hiyo tangu akiwa anabebwa mgongoni. Alijua tangu Jumanne.

Nikauliza mbona basi amemkubalia daktari. Akasema alipokuwa akisikiliza lile beseni, aliona wivu. Wazee wawili tunacheza na maji, yeye amekaa na goti lake.

Nikamweleza. Bahari imesogea. Ngazi zinaishia kwenye majani, nimelowa, kuna paka. Akauliza majani ni laini? Nikasema laini. Akauliza upande wa kushoto umekaliwa na nani. Nikamtazama Shemeji aliyekuwa ameanza kuvua viatu. Nikamwambia ainuke.

Nimeapa. Kuanzia leo simdanganyi tena mke wangu, hata kwa jambo dogo kama kijiko.

Jumapili, 9 Juni

Nina mpango.

Mbele ya ngazi pana nafasi. Tukichimba kidogo, tukatandaza plastiki nzito, tukajaza maji kwa mpira, atakuja atumbukize miguu kama zamani. Mtunza bustani ameuliza ruhusa iko wapi. Nimemwambia tunatoka ofisi ya matangi ya maji. Shemeji amekataa katakata, kisha akauliza chumvi tutie kiasi gani. Nimemnunulia mke wangu kofia. Zetu ni mbili, hatuwezi kumwacha nyuma.

Jioni amepiga simu. Kesho anaingia hospitali. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nikajua anaogopa, na yeye akajua nimejua, tukaongelea bei ya nyanya. Kisha akaniuliza, kama mtu asiye na haja kubwa na jibu, saa ya forodhani inaendeleaje.

Nikamwambia wameirudisha. Mafundi wawili, mmoja mrefu. Inakwenda barabara.

Akauliza sasa hivi inasema saa ngapi.

Nikamwambia asubiri kidogo, nachungulia dirishani.