Jinsi Wasike Alivyotwaa Cheo cha Mpangaji

Njooni, enyi mnaolala chini ya mabati yasiyo yenu! Sogezeni vigoda, zimeni redio, na mwenye maharagwe jikoni ayapunguzie moto, kwa maana leo nasimulia vita ambavyo wanahistoria wa Uasin Gishu, ama kwa uvivu ama kwa kuwa na kazi za maana, hawajaviandika. Nasimulia habari za Wasike, Simba wa Chumba Namba Sita, Mkanyaga Beseni, aliyehamia Langas hapa Eldoret akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akatia ufunguo wake mwenyewe katika kufuli lake mwenyewe.

Jumamosi ya tatu tangu ahamie, shujaa huyo alifua blanketi. Alikuwa nalo moja tu, na baridi ya Eldoret haimhurumii mtu wa blanketi moja. Akalikanyaga besenini kwa miguu miwili, akalikamua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akalitupia begani na kuziendea kamba za kuanikia, maana alijua fika kwamba mvua ya alasiri katika mji huu haikosi miadi.

Lahaula! Mbele ya kamba alisimama Mama Waiyego, msimamizi wa ploti ile ya vyumba kumi vya kupanga, Malkia wa Mfereji, mikono kiunoni.

“Simama hapo, mgeni!” akanguruma. “Kamba hizi ni za wapangaji.”

Neno hilo lilimchoma Wasike kuliko maji baridi yaliyokuwa yakimtiririka mgongoni. Mgeni! Wiki tatu nzima alikuwa mgeni: mgeni mferejini, mgeni getini, mgeni wa namba sita. Naye alikuwa amesomea ualimu wa Kiswahili, ingawa shule zote za kaunti zilikuwa bado zinalitafakari jambo hilo. Akatanguliza mguu mmoja na kuuhutubia ua mzima.

“Sikieni, enyi wakaao vyumba kumi! Mpangaji ni nani? Ni yule akaaye katika nyumba ya mwingine kwa kulipa kodi. Kodi nimelipa! Godoro langu limo, jiko langu limo, ufunguo ndio huu. Basi ni kamusi gani, Mama, ni sheria ya taifa gani iwezayo kuniita mgeni mlangoni pangu?”

Yalikuwa maneno mazuri. Yeye mwenyewe aliyapenda, hata akangojea makofi. Aliyejibu ni Cynthia wa namba tano, aliyekuwa akimenya viazi.

“Ticha, hiyo ni Kiswahili ya kitabu. Hebu enda uangalie mlango wa choo.”

“Mwambie!” akasema Mama Waiyego. “Kodi ni ya mwenye nyumba, Mungu akubariki kwa kulipa. Lakini mpangaji wa hapa ni yule ako kwa zamu. Jina lako liko kwa ule mlango? Ushawahi kuosha choo ya hii ploti hata siku moja? Wewe ukiona ufagio unakumbuka kupiga simu!”

Aibu ilimshika Wasike. Kwa wiki tatu alikuwa akiuruka ule ufagio, akidhani kuna mtu aliyeajiriwa. Akalirudisha blanketi besenini, akakunja suruali, akauchukua ufagio na ndoo, akaingia vitani.

Ee mbingu za Langas, mlishuhudia! Alisugua ukuta wa kushoto, akasugua wa kulia, akamwaga maji na sabuni ya unga, nzi wakamzingira pande nne. Ukweli lazima usemwe: alirudi nyuma mara mbili kutafuta hewa, na mara ya tatu alijifunga shati puani. Lakini hakukimbia.

Mama Waiyego akaja kukagua. Akachungulia kila pembe kama mtu anayenunua ng'ombe, akaguna, akatoa chaki mfukoni, na pale mlangoni, chini ya jina la Cynthia, akaandika: NAMBA 6, WASIKE.

“Haya,” akasema. “Anika.”

Blanketi likapanda kambani. Saa tisa kasoro likiwa karibu kukauka, matone ya kwanza yakagonga mabati, na ua wote ukatimka kuanua nguo.

“Mpangaji!” akapaza sauti Mama Waiyego. “Mpangaji wa namba sita! Anua blanketi!”

Wasike alikuwa mlangoni pake, hatua sita tu kutoka kwenye kamba. Alisikia vizuri kabisa. Lakini jamani, neno lile lilikuwa tamu! Akatega sikio kwa mkono.

“Waniitaje, Mama?”

“Mpangaji, we! Inanyesha!”

“Sijakupata vizuri!”

“Mpangaji!”

“Naam!”

Basi iandikwe katika tarehe za Langas kwamba siku hiyo, mbele ya mashahidi wa vyumba kumi, Wasike aliitwa mpangaji kwa sauti kuu, naye akaitikia kifua mbele, huku blanketi lake likilowa chapachapa.