Vikombe Vitatu, Watu Watatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua baiskeli. Si ya kwendea sokoni. BMX! Ile fupi, kiti kimewekwa chini kabisa, ya kukimbizia kwenye matuta. Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kushinda kitu, hata bahati nasibu ya kazini. Sasa basi.

Mke wangu aliizunguka mara mbili. Hakufoka, heri angefoka. Alinikumbusha gitaa lenye nyuzi mbili, banda la sungura lisilo na mlango, na bafu letu lenye vigae nusu ukuta tangu nilipoacha kozi ya ufundi. Kisha akasema taratibu, "Sikuombi ushinde. Maliza kitu kimoja tu, nikuone." Akaenda zake kuanua nguo.

Imeniuma. Imeniuma kwa sababu ni kweli. Nitamaliza, na kikombe nitaleta. Nitakiweka juu ya kabati la vyombo, kila akichukua sahani akione.

Jumatano, 5 Machi

Uwanjani. Kocha ni dada mmoja mwembamba, hana maneno mengi. Unaanzia kilimani, nyuma ya geti la chuma. Geti linaanguka, unashuka, unapita matuta na kona tatu, umefika. Kocha akasema hairuhusiwi kukaa kitini. Nikakaa. Tuta la kwanza lilinirusha, la pili likanipokea. Palipouma sipaandiki.

Habari kubwa: Jumapili ya tarehe 16 kuna mbio za watu wazima wanaoanza. Vikombe vitatu, wa kwanza hadi wa tatu. Washiriki wasipofika watatu, tunachanganywa na watoto wa miaka kumi. Nimewaona hao watoto. Wanapaa! Mpaka leo amejiandikisha mtu mmoja, ambaye ni mimi.

Hapo akili ikanichemka. Vikombe vitatu. Nikileta watu wawili tu, tena niwachague mwenyewe, nani atakosa? Kocha aliongeza kwamba kikombe anapewa aliyevuka mstari wa mwisho na baiskeli yake. Kanuni ndogo ndogo hizo, sikuzitilia maanani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata kinyozi wangu. Goti lake la kulia linalia kama bawaba kavu. Kosa nililofanya ni kumshawishi akiwa na mashine mkononi. Alicheka, mkono ukamteleza, sasa nina njia ya panya upande wa kushoto wa kichwa. Lakini amekubali. Bado mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Kumbe yumo humu humu ndani! Mama mkwe. Yupo kwetu tangu mwezi uliopita akisubiri miwani mpya. Ana miaka sitini na mitatu, ngazi zetu anazipanda kwa vituo vitatu, na kiti changu cha dirishani amekihamia moja kwa moja.

Nikamwamkia, nikamweleza kwa adabu zote kwamba mazoezi ni mazuri kwa viungo. Nilijiandaa kumbembeleza wiki nzima. Akaweka chai chini, akauliza tunaondoka saa ngapi.

Mke wangu akaanza kusema lakini unajua mama zamani alipokuwa mkunga... Nikamkatiza, mambo ya zamani tutaongea siku nyingine. Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi ya watu watatu. Mama mkwe alivaa suruali ya bintiye, akaazima baiskeli ya klabu, akashuka kilima amesimama wima. Matuta yote aliyapita kama mtu anayevuka ua wa nyumbani kwake. Kinyozi alivua kofia. Mimi nilikaa chini.

Kumbe kwa miaka thelathini aliwafuata wajawazito kwa baiskeli, mlima kwa bonde, mkoba wa kazi mgongoni. Mke wangu amesema alijaribu kuniambia.

Haidhuru, nafasi ya pili ipo. Na hata kama ningekuwa na mbio za kumpita, mama mkwe unampitaje? Unampigia kengele?

Ijumaa, 14 Machi

Faida ya kufanya kazi duka la magodoro: vipande vya sponji haviishi. Nimejifunga magotini, kiunoni na matakoni, kisha nikajiangusha sebuleni makusudi. Sikusikia chochote! Mama mkwe aliinua macho kidogo, akarudi kwenye gazeti lake.

Baadaye nilifanya mazoezi ya geti. Niliegemeza gurudumu kwenye mlango wa jikoni, nikasubiri mke wangu aufungue. Alipoufungua nilitoka kwa kasi nzuri sana. Nimeishia kwenye karai la vyombo. Glasi mbili.

Jumapili, 16 Machi

Geti likaanguka. Mama mkwe akaondoka. Kinyozi akaondoka, goti likilia. Mimi nilikuwa bado namsikiliza mtu wa kipaza sauti, ana sauti nzuri.

Kona ya kwanza, sponji ya matakoni ikashuka mpaka magotini na miguu ikagoma kuzunguka. Kona ya pili nikaanguka, mahali pasipo na sponji. Mnyororo ukachomoka. Nilipoinua kichwa, wenzangu walikuwa wameshamaliza na kinyozi anakandwa.

Pembeni pangu uzio una pengo. Nje ya pengo kuna njia ya kwenda nyumbani. Nililitazama lile pengo muda mrefu, maana kuacha vitu ndiyo kazi ninayoiweza. Mke wangu alisimama kule mwisho na gauni lake la bluu. Hakuniita, hakunipungia mkono. Alisubiri tu, na mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mara nikaona viatu vya mama mkwe mbele yangu. Alikuwa amerudi kwa miguu kando ya njia. Nikamwambia mama, nimechoka, baiskeli imekufa, niache niende zangu. Hakunivuta. Alichuchumaa, akasema kwa sauti ambayo nadhani ni ile ya kazini kwake:

"Wote wakifika hapa husema hivyo, mwanangu. Sijamwona aliyerudi nyuma. Vuta pumzi. Haya, sukuma."

Nikasukuma. Tuta kwa tuta, baiskeli mkononi, sponji inaburuta nyuma, yeye kando yangu ananihesabia pumzi. Watu walipiga makofi ya huruma. Niliyapokea yote. Nilipovuka mstari nililia, na sitasingizia jasho.

Mke wangu alinipangusa vumbi usoni kwa kiganja. "Umemaliza," akasema. Basi, hilo tu. Katika miaka kumi na saba ya ndoa sijapewa neno tamu kama hilo.

Kikombe cha mshindi wa tatu ni kidogo. Yai halienei.

Jumatatu, 17 Machi

Kikombe kiko juu ya kabati. Asubuhi mke wangu alikifuta kwa pindo la gauni, akidhani bado nimelala. Halafu akanitolea vigae vilivyobaki na mfuko wa saruji, akavipanga mlangoni mwa bafu, eti kwa kuwa siku hizi namaliza vitu. Nimemwahidi nitaanza nikipata nafasi.

Nafasi yenyewe sina, kwa sababu mbio nyingine ni mwezi wa tano. Nimekaa nikachambua. Mpango ulikuwa safi, kosa lilikuwa moja tu: mama mkwe. Miwani imetoka, wiki hii anarudi kwake, na kiti cha dirishani nitakirithi. Goti la kinyozi limevimba kama papai, lakini ameapa atakuja. Kwa hiyo wa kwanza ni mimi! Anahitajika mtu mmoja tu wa kujaza nafasi, mtu mzima, mtulivu.

Nimempigia simu shangazi yake mke wangu. Ana miaka sabini na mmoja, anatembelea mkongojo. Amekubali kabla sijamaliza sentensi.

Mke wangu akaacha kukunja nguo, akaanza kusema lakini unajua shangazi ujanani alikuwa... Nimemwambia haina haja.