Kamera Nzito ya Idara ya Taswira

Wananchi wa Rungwe walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Lendirova, kwamba enzi ya kupigwa picha kiholela imekwisha. Idara ya Taswira na Heshima itakuwa na kamera yake yenyewe, itakayoteuliwa kwa kuzingatia ukubwa, uzito na ubora wa picha, na Kamati ya Uteuzi ilikwisha kula chakula cha mchana kwa ajili hiyo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Vitu tulivyokuwa tukivisikia redioni tu sasa vilitandikwa barazani sokoni Tukuyu: redio kaseti, saa zinazong'aa gizani, kamera kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu. Lakini ruksa ilikuja na mdogo wake, jina lake kupunguza wafanyakazi. Makao makuu walikuwa wanamtuma mkaguzi, Mama Tupokigwe, apite ofisi hadi ofisi akimuuliza kila mtu anafanya kazi gani. Swali la kikatili, ukilitazama vizuri.

Bwana Geresoni, Katibu wa Kamati, alilitazama mpaka akakosa hamu ya kula. Alikuwa na watoto shuleni, nyumba ya Idara, na kazi ambayo hata mkewe alishindwa kuieleza kwa wenzake kanisani. Na Mkuu wa Idara, Bwana Nsajigwa, hakumficha kitu.

"Geresoni, mkaguzi anataka matunda. Tutampa picha yangu nikifungua bomba la maji la kijiji cha Kyimo, ukubwa wa mlango. Picha ikiharibika, jina la kwanza kupunguzwa ni lako."

"Na la pili, mzee?"

"Hakuna la pili."

Basi Ackson, mpiga picha wa mjini ambaye harusi wala kipaimara hakimpiti, akaitwa mbele ya Kamati na kamera mbili. Moja ya plastiki, inaingia mfuko wa shati. Nyingine sanduku la mbao la wamisionari wa zamani, lenye miguu mitatu ya chuma na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa.

"Wazee wangu," akasema, "hii ndogo unatembea nayo, unasogea karibu, unapiga, kwisha habari yake. Ila ukiikuza picha mpaka iwe kama mlango, sura zinakuwa uji. Hili sanduku ni mzigo, nisiwadanganye, lakini haliachi kitu. Hata nyuzi za kifungo utaziona."

"Haliachi kitu?" Bwana Nsajigwa akaipapasa tai yake.

"Chochote kilicho mbele yake, mzee."

Geresoni akaandika neno kwa neno, tena kwa furaha. Mungu amsamehe.

Kamati ikaona uzito hauwezi kukubaliwa kwa maneno matupu. Na mizani inayoheshimika katika milima yetu ni moja tu, ile inayoning'inia kwenye kituo cha kununulia majani mabichi ya chai. Wajumbe wote wakaenda, wakapanga foleni na wakulima. Karani wa mizani, Jairo, akaitia kamera ndogo kapuni, akaipandisha, akasoma, kisha kwa mazoea akaanza kukata uzito, kama afanyavyo kwa majani mabichi.

"Natoa kapu. Natoa umande."

"Umande gani?" akauliza Geresoni. "Hiyo si kamera?"

"Katibu, hapa Tukuyu? Kila kinachopanda mizani hii kina umande."

Wakulima wakaguna. Wamekatwa umande hata wakati wa jua kali, nani awahurumie wajumbe? Baada ya makato, kamera ndogo ikaonekana ina uzito chini ya sifuri, na Kamati ikakubaliana kwamba kitaalamu haipo. Ackson aliyekuwa ameishika mkononi akaombwa aiondoe.

Likapandishwa sanduku. Hata baada ya kapu, umande na umande wa nyongeza, mshale ulilala upande wa pili na ndoano ikalia. Wajumbe wakapiga makofi.

"Hiyo ndiyo yenye hadhi," akasema Bwana Nsajigwa. "Huwezi kumpiga mtu kama mimi kwa kitu kisicho na uzito."

Sasa niseme habari za bomba. Lilikuwa bomba zuri sana, upungufu wake mdogo ulikuwa maji. Fedha za mabomba ya kutoka chanzoni zilikuwa zimemalizikia kwenye semina ya kujadili mabomba ya kutoka chanzoni. Ukajengwa ukuta mrefu wenye nembo ya Idara na jina la Bwana Nsajigwa, mbele ikawekwa koki, nyuma bomba likapanda na kuishia hewani. Hapo juu ya ngazi angesimama Lukasi, mesenja wa ofisi, akimimina ndoo ya maji ya mtoni, na Geresoni angemshikia ngazi. Mbele ya ukuta nani angejua?

Siku ya siku mvua ikanyesha tangu alfajiri. Njia ya kuteremka bombani ikawa utelezi mtupu. Vijana walilibeba sanduku hatua chache, wakalitua.

"Jamani, mmebeba mashine ya kukoboa?" akauliza bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani.

Bwana Nsajigwa alikuwa amekwisha kufika kokini na suti yake, viatu vimemezwa na tope. Hakuwa na muda. "Pigieni picha huko huko juu barabarani!" akapaza sauti. "Si tulilichagua kwa ubora?"

Geresoni, nyuma ya ukuta, ameishika ngazi kwa mikono miwili, akainua macho. Kule juu mlimani, kupita kichwa cha ukuta, jicho la sanduku lilikuwa linamtazama usoni. Angepiga kelele, sherehe ingekufa, na yeye pamoja nayo. Angekimbia, Lukasi angeanguka.

"Katibu, shika ngazi, mwenzio naumia!" Lukasi akanong'ona.

Akashika. Kule mbele maji yakatoka, vigelegele vikapigwa, na sanduku likalia *kachak*.

Filamu ikapelekwa Mbeya kukuzwa, ikarudi imefungwa, na Bwana Nsajigwa akakataza isifunguliwe mpaka mkaguzi afike. Geresoni aliomba kanisani iwe imeungua. Jumapili nzima, tena kwa sauti.

Mama Tupokigwe akaja, mwembamba, miwani, hana haraka. Khanga iliyoifunika picha ukumbini ikavutwa. Picha ilikuwa safi ajabu. Upande wa mbele Bwana Nsajigwa, kifungo na nyuzi zake. Nyuma yake ukuta. Nyuma ya ukuta Lukasi juu ya ngazi, ndoo imeinama, unaona mpaka maji yanavyoingia bombani. Na chini ya ngazi, Katibu wa Kamati, macho yamemtoka.

Ukumbi mzima ukaacha kutafuna.

"Huyu wa juu ni nani?" akauliza Mama.

"Mwananchi," akasema Bwana Nsajigwa, "akishangilia."

"Kwa ndoo?" Akasogea karibu. "Na huyu wa ngazi?"

Geresoni akasimama. Liwalo na liwe. "Ni mimi, Mama. Na yule ni Lukasi. Bomba halina maji."

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi nimetumwa kubakiza wanaofanya kazi. Katika picha hii naona wawili."

"Mama! Na mimi je? Si nimefungua bomba?"

"Umefungua, baba. Sasa lifunge, uende nyumbani."

Ndivyo Idara ilivyopunguzwa ikabaki na watumishi wawili, Lukasi kwa cheo cha Chanzo cha Maji na Geresoni kwa cheo cha Ngazi. Watoto hawakufukuzwa shule, na mkewe akapata la kueleza kanisani. Maji ya Kyimo yakatoka kila siku, ili mradi kila anayetaka ndoo moja kokini alete kwanza ndoo moja kutoka mtoni ipelekwe nyuma ya ukuta. Watu wa Kyimo wakaona bora mto, wakaacha kuja.

Ila Bwana Nsajigwa alikuja. Bomba lina jina lake, angeteka wapi kwingine? Akapanda kutoka mtoni na ndoo imejaa pomoni, akaikabidhi nyuma ya ukuta, akazunguka mbele na ndoo ya pili, tupu, akafungua koki kwa heshima zote. Maji yakatiririka, yakakoma. Akaitazama ndoo yake.

"Geresoni! Mbona imepungua?"

Nyuma ya ukuta sauti ikajibu kwa adabu:

"Umande, mzee."