Utando Usio na Alama

Jumatatu, 3 Juni
Mungu wangu! Profesa katangaza: mashine ya eksirei, ile inayosoma elektroni za uso wa juu wa kitu, tumepewa siku mbili tu. Jumatano yangu, Ijumaa ya Miwani, jirani yangu wa meza. Atakayeleta grafu nzuri ya elektroni anabaki maabara. Mwingine akafundishe mwaka wa kwanza! Miwani eti tusaidiane. Tusaidiane! Anaimezea mate sampuli yangu, namjua.

Jumanne, 4 Juni
Nimemzidi akili. Utando wangu wa oksidi ya nikeli ni mwembamba kupindukia. Umelala juu ya kijipande cha kioo, na kwa macho huuoni. Ndiyo maana kila mtu huweka alama ya wino mgongoni mwa kioo, ajue upande upi ni upi. Yangu nimeifuta kwa spiriti. Aibe sasa, tuone! Nikaenda kunywa chai, roho kwatu.

Jumatano, 5 Juni
Jamani! Nimepima kwa saa sita, nikeli haionekani. Hata elektroni yake moja! Imetoweka! Huu ni ugunduzi! Miwani akauliza kama nina hakika utando ulitazama juu. Wivu huo!
Nikampigia Mama. Alishangaa nawezaje kufuatilia elektroni, na funguo za nyumba nimepoteza mara tatu. Hata hivyo kautangazia ukoo mzima. Shangazi keshaanza kuniita profesa.

Alhamisi, 6 Juni
Sina hamu. Profesa aliitazama grafu. Akauliza utando uko upande gani. Nikasema ni siri. Akauliza tena, taratibu. Nikakitoa kioo, nikakigeuza huku na huku. Lo! Hata mimi sijui!
Akasema nimepima kioo kitupu siku nzima, tena kwa ustadi mkubwa. Maabara yote ikaangua kicheko. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke.
Halafu Miwani, huyo huyo Miwani, akaomba nipewe saa moja kwenye siku yake. Akanisaidia hata kuutafuta upande wenye utando. Nilipigwa na butwaa. Mtu mwema hivi anataka nini?

Ijumaa, 7 Juni
Nimejua! Kanisaidia ili aujue upande wenyewe. Hanipati ng'o. Profesa kaamuru niweke alama, nami nimetii. Nimeweka pande zote mbili, zinafanana kabisa. Miwani atakoma!
Naingia kwenye mashine saa nne.