Namba 403 na Msemaji Wangu

Jumatatu, 10 Juni
Nimechuma machenza siku nzima juu ya ngazi yenye mguu mmoja mfupi. Baridi ya huku Gayndah inapenya glavu. Dada yangu Lupe kapiga simu kutoka kisiwani kwetu, Vavau. Mama hali chakula tena. Kila akizinduka anauliza kama niko njiani. Nimesema niko njiani. Uongo! Nilikuwa chooni, nafungua tovuti ya wakala aliyetuleta huku, niombe ruhusa ya kwenda nyumbani. Ikanijibu: 404, haipatikani. Nimeudhika. Sipatikani vipi, na mimi ndiye wa kwanza kuingia shambani?

Jumanne, 11 Juni
Nimemwendea Glenys, mama wa ofisini. Kijanja. Nimejifanya naulizia kwa niaba ya rafiki. Alicheka akasema 404 haimsemi mtu. Ni ukurasa ulioitwa ndio haupo, anwani hiyo ni ya zamani. Akanipa mpya. Akanifundisha na zaidi: namba ikianza na mbili, ombi limefika na limejibiwa. Ikianza na nne, kasoro iko upande wa anayeomba. Ikianza na tano, mashine yenyewe imeshindwa au imelemewa. Kisha akauliza huyo rafiki ana shida gani. Nikasema hana shida, mdadisi tu. Mambo ya mama si ya kutembeza ofisini.

Jioni nimejaribu anwani mpya. Jina, neno la siri, nikabonyeza. 403! Hairuhusiwi. Yaani wamenipata, wamenitazama, wamenikataa. Hapo nikaelewa kosa langu. Kwetu mtu wa chini hamwendei chifu kwa mdomo wake mwenyewe. Hutanguliza msemaji, na mzizi wa kava, ule wa kinywaji cha heshima. Mimi nimeingia mikono mitupu kama mlevi. Aibu!

Jumatano, 12 Juni
Nalala chumba kimoja na Uaisele. Mnene, mvivu, anakula machenza anayolipwa kuyachuma. Ila ukoo wake ni wasemaji wa machifu tangu enzi, na hachoki kutukumbusha. Nimemwendea na kava na kopo la nyama. Akanung'unika kwamba Jumapili nilimwita gunia. Nikakana. Akasema, "Gunia la viazi, bwana, tena mbele ya mchungaji!" Nikaongeza kopo la pili.

Akaingia kwenye tovuti kwa simu yake na kwa jina lake, kama msemaji anavyotangulia mlangoni. Akaandika salamu. Kwa mkubwa wa tovuti, kwa wenye mashamba, kwa waliolala na walio macho. Kisanduku cha maandishi kikajaa kabla hajafika kumtaja mama. Nikamsihi apunguze. Akaniuliza kama kwetu tunakata salamu kama kitunguu. Akabonyeza. 200! Nyumba nzima imepiga kelele. Nimempigia Lupe: nakuja! Anasema mama amekunywa supu kwa furaha.

Ijumaa, 14 Juni
Tiketi imetoka. Ya Uaisele. Mimi simo hata herufi moja.

Nimekimbilia kwa Glenys, na safari hii nimesema kweli. Akajishika kichwa. Mashine humjua aliyeingia tu, haijui msemaji wala aliyemtuma. Likizo ya Uaisele ilishafika. Hata angeandika wimbo angepewa. Yangu bado, ndiyo maana ya ile 403, na huo mlango haulainiki kwa adabu. Lakini kwa mgonjwa wa kufa, yeye Glenys huufungua kwa mkono wake, akipata barua ya daktari. Akasema, "Mbona hukuniambia Jumanne, mwanangu? Nilikuuliza!" Akapiga simu zahanati ya kisiwani pale pale. Daktari yuko kisiwa kingine, anarudi Jumatatu.

Uaisele amenijia kichwa chini. Tiketi haibadilishwi jina, amesema, na akiirudisha hatakwenda yeyote. Heri ufike mdomo wako. Nimemfungashia mkeka wangu wa kiunoni, ule wa kuvaa mbele ya wakubwa. Haukumzunguka vizuri. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 17 Juni
Mama amefariki jana, watu wakiwa kanisani.

Uaisele alifika Jumamosi. Lupe anasema macho ya mama yalikuwa yamekwisha, akauliza ni nani huyo. Uaisele akaketi miguuni pake akasema, mama, mwanao amefika. Si uongo huo. Msemaji akiongea, anayeongea ni aliyemtuma. Mama akampapasa shavu, akasema, "Afadhali. Huko wanakulisha."

Barua ya daktari imeingia leo wakati wa chai. Glenys ameiweka mezani kifudifudi. Mazishi ni Jumatano. Ndege ijayo ni Ijumaa.

Jumatano, 19 Juni
Kanisa linaonyesha mazishi kwenye tovuti yake, moja kwa moja. Nimevaa nguo nyeusi juu ya buti za shamba. Nikafungua. 503. Glenys amekuja mwenyewe mpaka mitini, akaitazama simu, akaeleza taratibu. Ndugu wa Auckland, wa Sydney, wa Utah, wote wameingia kwa pamoja, mashine imelemewa. Nisibonyeze ovyo. Nisubiri, watu wakipungua itafunguka.

Wakipungua! Glenys ni mama mwema, lakini mazishi ya kwetu hayajui. Tangu lini msiba ukangoja watu wapungue? Huyo mkubwa wa mashine anadhani marehemu hana watu, ndiyo maana hafungui. Nimewashusha wachumaji wote kutoka ngazini. Kila mwenye simu ameitoa. Tumesimama kati ya michenza, tumevua kofia, tunabonyeza kwa pamoja, tena na tena.

Bado 503. Nimetuma mtu akawaite na wa shamba la pili.