Pima na Mita

Jumatatu, 8 Julai
Kompaila yangu imekamilika! Husoma programu ya mtu na kukataa makosa kabla hayajamdhuru. Ina aina za vitu mpaka basi: aina ndani ya aina, aina inayosubiri aina isiyozaliwa. Ya Joshua, jirani yangu hapa Ufukoni, inajua namba na maneno tu. Ila ikikataa, inaeleza: mstari wa tisa, hapa nilitaka namba. Kompaila au mwalimu wa chekechea?

Jumanne, 9 Julai
Nimemwahi Joshua! Mwanahamisi, mwenye boti ya abiria huko mlango wa Ruvuma, ataandika programu yake ya kina cha maji kwenye kompaila yangu. Ijumaa napanda naye.

Jumatano, 10 Julai
Mwanahamisi kapiga simu, sauti imemkauka. Eti kompaila imemwandikia: “Kilichomo si kilichoitwa. Kilichoitwa hakina mwili.” Alikuwa peke yake ofisini. Kasoma Ayatul Kursi. Nikamweleza kwamba kinadharia ujumbe ni sahihi kabisa. Akauliza, sasa afanye nini? Nilikuwa nakula. Nikamwambia aandike “lazimisha”, itapita.

Ijumaa, 12 Julai
Ukungu. Programu ikasema kina kinatosha. Hakikutosha. Tumekwama! Maji yakaondoka pande zote, kimya. Kisha kwenye mikoko mtu akaita jina langu, taratibu, kama anayelijaribu mdomoni. Nikaitika! Mwanahamisi akaniziba mdomo.
“Huko hakai mtu, kaka. Usiitike tena.”
Jina likaitwa tena. Karibu zaidi. Ukungu ulipopungua tukaona nyayo kwenye tope, zimeizunguka boti. Hazikutoka popote. Hazikwenda popote. Tulikaa tumeshikana mikono mpaka maji yakarudi.

Jumamosi, 13 Julai
Joshua kaikagua programu. Mwanahamisi alichanganya mita na pima za manahodha. Mita moja ikahesabiwa pima nzima, karibu mara mbili. Joshua akakiri kompaila yake isingeliona kosa hilo. Yangu iliona! Nikashangilia. Hakucheka. Akasema aliyeona shimo akaonya kwa mafumbo ni sawa na aliyenyamaza. Mwanahamisi anatusihi tuungane: aina zangu, maneno ya Joshua.

Jumapili, 14 Julai
Nimekataa kuungana. Kilichomtisha yule mama ni urefu wa ujumbe. Nimeongeza aina saba, na ujumbe nimeufupisha. Sasa kompaila ikikataa huandika neno moja: “Hapana.” Nimeijaribu kwa programu yangu mwenyewe. Hapana. Nikafuta nusu. Hapana. Nikafuta yote, ukurasa mweupe. Hapana.
Sijui inakataa nini. Lakini usahihi huo!